Nani Hutia Sahihi: Fedha za Wafadhili Ukambani

Anayetaka kujua kama msaada wa kigeni unafaa kitu hana haja ya kusafiri hadi Geneva wala Washington. Ashuke Sultan Hamud, mji wa barabarani katika Kaunti ya Makueni, mpakani na Kajiado. Reli ya Waingereza ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19, na mji ukapewa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Barabara kuu ya Mombasa, kuanzia hapa hadi Mtito Andei, ilikarabatiwa miaka ya 2000 kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Bomba la Noolturesh, linaloteka maji kwenye chemchemi za Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro na kuyapitisha Emali na Sultan Hamud hadi pande za Machakos na Athi River, lilijengwa kwa msaada wa Italia. Juzijuzi ikaja SGR, reli ya mkopo wa China, ambayo kituo chake cha karibu kiko Emali.

Miradi hii minne haina asili moja. Wa kwanza ulikuwa wa mkoloni, wa pili na wa tatu ilikuwa misaada, wa nne ni deni. Lakini yote inafanana kwa jambo moja: mkazi wa Sultan Hamud hakuwa na njia yoyote ya kuzuia malipo yake hata angeona kazi inaharibika. Gharama za reli ya kwanza zilibishaniwa vikali katika Bunge la London, kwa sababu mlipa kodi wa Uingereza ndiye aliyekuwa akilipa. Mkamba aliyekatiwa ardhi hakuwa na bunge. Katika makala haya nitadai kwamba kuufuata msaada kwa swali hilo moja, la nani anaweza kukataa kutia sahihi, kunaeleza mengi kuliko kuhesabu ni mabilioni mangapi yaliyotolewa au kupima nia za waliotoa.

Mjadala wa kimataifa umezoea kwenda njia nyingine. Jeffrey Sachs, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alidai kwamba nchi maskini zimenaswa na kinachokosekana ni mtaji wa kutosha wa kuzinasua. Kijiji chake cha mfano cha Sauri kilikuwa huku huku Kenya, Siaya. William Easterly akamjibu mwaka uliofuata kwamba wapangaji wa mbali hawawezi kujua mahitaji ya watu wasiowajibika kwao. Mwaka 2009 Mzambia Dambisa Moyo akaenda mbali zaidi, akataka msaada wa kiserikali ukomeshwe kabisa kwa kuwa unalea serikali zisizohitaji wananchi wao. Wachumi nao walikuwa wamejaribu kumaliza ubishi kwa takwimu. Craig Burnside na David Dollar walitangaza mwaka 2000 kwamba msaada hukuza uchumi katika nchi zenye sera nzuri, na wafadhili wakafurahi. Miaka minne baadaye Easterly na wenzake waliongeza data ya miaka zaidi kwenye hesabu ile ile, na matokeo yakayeyuka.

Mimi sishangai kwamba yaliyeyuka. Nchi ni kipimo kikubwa mno. Ndani ya Kenya moja, chini ya rais mmoja na wizara moja, fedha za mfadhili zimeleta maji katika kilima kimoja na kupotelea katika semina za hotelini kwenye wilaya jirani. Ukijumlisha kilima na hoteli ukatafuta wastani, utapata sifuri, nawe utadhani hakuna kilichotokea.

Ukambani una kumbukumbu ndefu ya jambo hili. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, kwa hiyo historia yake ya nyuma imo ndani ya ile ya Machakos. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona wilaya hiyo kama nchi iliyokwisha kufa. Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo, aliandika mwaka 1937 ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko, na dawa iliyopatikana ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walinyang'anywa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wakapelekwa kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kumwona gavana, wakakaa huko kwa wiki kadhaa. Serikali ikalegeza kamba. Baada ya vita likaja agizo la kuchimba matuta kwa lazima, chini ya macho ya chifu, na mara uhuru ulipokaribia watu wengi wakayaacha yabomoke. Kilichobeba harufu ya mkoloni hakikuwa na mtetezi.

Kisha likatokea jambo ambalo wataalamu hawakulitabiri. Kuanzia miaka ya 1960 na kuendelea watu walianza kuchimba matuta wenyewe, mengi yakiwa ya mtindo wa fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa shamba. Nguvu kazi ilitoka kwenye mwethya, vikundi vya kusaidiana vya Kikamba ambavyo wanachama wake, wengi wakiwa wanawake, huhama shamba hadi shamba. Shirika la misaada la Sweden, SIDA, lilianza kufadhili mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo mwaka 1974. Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ikaleta Mpango wa Maendeleo wa Machakos, MIDP, uliodumu tangu 1978 hadi 1988 na kugusa maji, udongo, vyama vya ushirika, pamba na mengineyo. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka 1994, walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda karibu mara tatu. Udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri kuliko wakati watu walipokuwa wachache.

Ni rahisi kuitumia hadithi hii kumsifu mfadhili, na ni rahisi vile vile kuitumia kumdharau. Ukweli uko mahali pengine. Sehemu kubwa ya fedha zilizochimba matuta haikutoka Stockholm wala Brussels. Ilitoka kwenye mishahara ya Wakamba waliofanya kazi Nairobi na Mombasa, wakatuma nyumbani. Watafiti waliokuja baadaye, kama John Murton aliyechunguza eneo la Mbooni, walionyesha kwamba ustawi huo haukugawanyika sawa: mwenye mtoto wa kuajiriwa mjini alinunua ardhi ya jirani asiye naye. Hata hivyo jembe la mradi wa Waswidi lilifanya kazi. Lilipewa kikundi ambacho tayari kilikuwa na daftari la nani amekuja na nani amekwepa zamu, na shamba lililokuwa likilimwa lilikuwa la mtu anayejulikana. Kikundi kikiona kazi haina maana, wanachama hawaji, na mradi hufa wiki hiyo hiyo bila ripoti ya tathmini.

Pamba ya kipindi hicho ilienda kinyume. Mkulima wa Makueni aliyehimizwa kuilima alipeleka mzigo wake kwa bodi ya taifa ya masoko, akasubiri malipo miezi na miezi. Ushauri wa kilimo ulikuwa mzuri na mbegu zilikuwepo, lakini hundi ilikuwa mikononi mwa ofisi ya Nairobi ambayo mkulima hakuweza kuigusa. Alijibu kwa njia pekee aliyokuwa nayo: akang'oa pamba, akapanda kitu kingine.

Mabwawa ya mchanga ndiyo yaliyoipeleka Kitui na Makueni kwenye majarida ya dunia. Ukuta wa zege na mawe hujengwa kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mafuriko yakija huacha mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga huo hushika maji ambayo jua haliwezi kuyakausha. Kina mama huchimba kisima kifupi pembeni au kuweka pampu. Upande wa Kitui, taasisi ya SASOL imejenga mamia ya mabwawa haya tangu miaka ya 1990. Upande wa Makueni na Machakos, jina kubwa ni la Joshua Mukusya, aliyeanzisha harakati za Utooni na baadaye kushirikiana na shirika la Kiingereza la Excellent Development. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi: jamii hutoa mawe, mchanga, maji na mikono, mfadhili hutoa saruji, nondo na fundi. Hakuna saruji inayofika kabla mawe hayajarundikwa. Rundo la mawe mtoni ni ushahidi ambao hauwezi kughushiwa na mtu aliye ofisini, na kwa maoni yangu ndilo chombo bora cha ukaguzi ambacho Ukambani umewahi kuwa nacho.

Lakini hata hapa pana doa. Wapo watafiti waliopita kwenye mito hiyo hiyo na kusema mabwawa mengi yamejaa matope badala ya mchanga, kwa sababu kuta zilijengwa kwa kimo chote kwa mkupuo mmoja. Ukuta mrefu hupunguza kasi ya maji kupita kiasi, na udongo laini ambao ungepita hubaki. Ilifaa ujengwe kwa hatua, mafuriko baada ya mafuriko. Ninavyoliona mimi, tatizo la uhandisi hapa limezaliwa na tatizo la kalenda. Mto huhitaji misimu kadhaa. Mwaka wa fedha wa mfadhili huisha baada ya miezi kumi na miwili, na picha ya ukuta uliokamilika inahitajika katika ripoti. Jamii inaweza kukataa kubeba mawe, lakini haina nafasi ya kumwambia mtu wa London asubiri miaka mitatu.

Halafu kuna wezi wa mchanga wenyewe. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa Ukambani, na malori ya usiku yamekomba mito ya Makueni, eneo la Sultan Hamud na Kasikeu likiwa miongoni mwa yaliyoumia sana. Bunge la kaunti lilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Mfadhili anaweza kujenga ukuta. Hawezi kulala mtoni akilinda lori lisiingie.

Sasa tugeukie upande wa kiza. Mwaka 1996 Benki ya Dunia na serikali ya Kenya zilianzisha mradi wa kusimamia rasilimali za maeneo kame, uliojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, ALRMP. Awamu ya pili ilipoanza mwaka 2003 ulipanuliwa hadi wilaya 28, Kitui na Makueni zikiwemo. Kwenye karatasi ulikuwa mradi wa kupendeza: jamii ndiyo iliyopaswa kuchagua mahitaji, kila kijiji kikiwa na kamati yake. Wachunguzi wa Benki wenyewe walipokagua vitabu vya wilaya chache za kaskazini na mashariki na kutoa ripoti mwaka 2011, waligundua kwamba zaidi ya nusu ya miamala waliyoipitia ilikuwa ya udanganyifu au ya kutiliwa shaka. Kulikuwa na risiti za kubuni, mafunzo yasiyofanyika, posho za kulala nje zilizolipwa kwa mtu mmoja akiwa mahali pawili usiku mmoja. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger, ambaye amefuatilia mradi huo kwa miaka mingi, ameeleza jinsi wizi ulivyopanda kutoka kijijini hadi makao makuu, kila ngazi ikiila ya chini yake na kuilisha ya juu.

Ripoti hiyo inanitia adabu, kwa sababu inaiweka hoja yangu mashakani. Kamati zilikuwepo. Sahihi nazo zilikuwepo. Kama kutia sahihi kungetosha, ALRMP ungekuwa mradi safi kuliko yote Afrika Mashariki. Kilichokosekana ni mambo mawili. Mwanakijiji hakuambiwa kiasi kamili kilichotengewa kijiji chake, kwa hiyo aliyeletewa mbuzi ishirini hakujua kwamba vitabu vinasema mia. Na aliyechagua kamati mara nyingi alikuwa afisa yule yule aliyepaswa kuchunguzwa na kamati. Sahihi ya mtu asiyejua bei haina thamani zaidi ya wino wake.

Ngazi ya taifa nayo ina somo lake, nitalipitia haraka. Novemba 1991, mjini Paris, wafadhili walisitisha misaada mipya kwa Kenya hadi kuwe na mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Mwezi uliofuata Kifungu cha 2A cha katiba kilifutwa na vyama vingi vikarudi. Wanasifiwa kwa hilo, na wengine husahau kwamba Wakenya walikuwa wamekwisha kumwaga damu katika maandamano ya Saba Saba, Julai 1990. Katika miaka hiyo hiyo, kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikikausha hazina kwa fidia ya dhahabu ambayo haikusafirishwa. Mwaka 2009 ukaja wizi wa fedha za elimu ya msingi bila malipo, na Uingereza ikakata msaada wake kwa wizara. Aliyeiba hakukosa chakula. Darasa la Ukambani ndilo lililobaki bila vitabu. Adhabu ya kusitisha humpiga zaidi yule asiyekuwa na uwezo wa kuzuia wizi tangu mwanzo.

Hapo ndipo Makueni ya baada ya 2013 inapopendeza. Ugatuzi ulipoanza, kaunti hii haikuwa mfano wa lolote. Gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, na wawakilishi wadi walishikana mashati juu ya bajeti hadi shughuli zikakwama. Tarehe 23 Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa kwenye ofisi za kaunti mjini Wote na watu kadhaa wakajeruhiwa. Wakazi wakatia sahihi ombi la kutaka kaunti ivunjwe. Tume iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ikapendekeza isimamishwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo.

Gavana asiye na bunge alihitaji mtu wa kumwegemea, akaenda kwa wanavijiji. Ndivyo ninavyoisoma hali ile, ingawa mwenyewe ni mwanasheria wa katiba na angeeleza kwa lugha ya ibara na vifungu. Ulijengwa mfumo wa mabaraza kuanzia vijiji zaidi ya 3,000, vikakusanywa katika makundi 377 ya vijiji, kisha wadi ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo 6, na mwisho baraza la wananchi la kaunti nzima. Kila ngazi huchagua miradi na wajumbe wa kuitetea ngazi ya juu. Lililo muhimu zaidi hutokea baada ya kuchagua: kila mradi huwa na kamati ya usimamizi iliyochaguliwa na wakazi, inayopewa makadirio ya kazi, na mkandarasi halipwi mpaka kamati itie sahihi kwamba kazi imefanywa. Mama aliyehesabu magunia ya saruji kwenye zahanati ya kijiji chake anaweza kumfanya mkandarasi wa Nairobi arudi kurekebisha sakafu.

Tazama utaratibu wa matukio. Benki ya Dunia ilikuja kusaidia bajeti shirikishi ya Makueni ikiwa imekuta jambo linaendelea. Wafadhili walitoa wataalamu, mafunzo na sifa, na sifa nazo zina faida yake katika siasa. Lakini fedha zenyewe nyingi zilikuwa za Kenya. Katiba ya 2010 inazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Makueni ulikuwa takriban shilingi bilioni 8.1 kwa watu karibu 988,000 waliohesabiwa mwaka 2019. Hiyo ni kama shilingi 8,200 kwa kila mkazi kwa mwaka. Ni kodi yake, anajua ni yake, na gavana atarudi kumwomba kura. Msaada ulipopandikizwa juu ya mzizi huo ulishika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mfuko wa mabadiliko ya tabianchi. Kitui na Makueni zilikuwa miongoni mwa kaunti tano za majaribio, pamoja na Isiolo, Wajir na Garissa, zilizounda mifuko ya kaunti kwa msaada wa Uingereza. Makueni ilitunga kanuni mwaka 2015 na kujifunga kutenga asilimia moja ya bajeti yake ya maendeleo. Kamati za wadi ndizo zilizoamua: tangi la maji hapa, bwawa la mchanga pale. Miaka michache baadaye Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya waliuchukua utaratibu huo na kuueneza nchini kote kwa jina la FLLoCA. Kwa nadra, wazo lilipanda kutoka wadini kwenda Washington.

Nisieleweke vibaya. Makueni si pepo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huiuliza maswali kama kaunti nyingine, ipo miradi iliyokwama, na mabaraza mengi hujaa wazee huku vijana wakiwa kwenye bodaboda au Nairobi wakitafuta riziki. Anayeshinda njaa hawezi kukaa mkutanoni kutwa nzima akijadili zahanati ya mwaka ujao. Kuna pia kamati zilizogeuka kuwa wakandarasi wadogo zenyewe. Lakini kosa likitokea huonekana na mtu anayejua pa kulalamikia, na hilo halikuwepo kwenye ALRMP.

Tatizo kubwa zaidi ni ukubwa. Kamati ya kijiji inaweza kusimamia ukuta wa mto, zahanati, tangi. Bomba linalokata kaunti tatu ni jambo lingine. Rudi kwenye Noolturesh. Maji yalitolewa katika nchi ya wafugaji Wamaasai na kupelekwa kwa miji na viwanda vya mbali, bomba likipita karibu na ng'ombe wenye kiu. Likatobolewa. Viunganishi haramu vikaongezeka njiani, na maji yanayofika mwisho yakawa ya kubahatisha. Viongozi wa Kajiado wamelalamika kwa miaka kwamba maji yao yanachukuliwa. Wa Makueni na Machakos wanalalamika kwamba hayafiki. Kila upande una haki, na tatizo ni la muundo wa mradi wenyewe: mfugaji wa Loitokitok na mwenye hoteli wa Sultan Hamud hawana meza moja ambapo wote wawili wanaweza kusema hapana. Italia ilikabidhi bomba na kuondoka. Kutoboa bomba ndiyo kura ambayo mfugaji alibaki nayo.

SGR ilifuata mantiki hiyo hiyo kwa kipimo cha mabilioni ya dola. Ilifunguliwa Mei 2017, sehemu kubwa ikilipiwa na mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mahakama ya Rufaa iliamua Juni 2020 kwamba ununuzi wake ulikiuka sheria, wakati treni ilikuwa tayari inatembea. Baadhi ya mikataba ikatolewa hadharani Novemba 2022 tu, baada ya serikali kubadilika. Katikati ya hayo serikali ilijaribu kulazimisha mizigo ya Mombasa ipande treni, na miji ya barabarani inayoishi kwa malori, Sultan Hamud ikiwemo, ikaona vibanda vya chakula na gereji vikikosa wateja. Agizo hilo lilibatilishwa Septemba 2022. Wafadhili wa Magharibi huwa na furaha ya siri wakisimulia SGR, kana kwamba wao hawakuwahi kufadhili kitu kisichojadiliwa na wenyeji. Tofauti ya mkopo na msaada ni kubwa kwa hazina. Kwa mwuza maembe wa kando ya barabara tofauti hiyo ni ndogo, kwani yote mawili humfikia kama habari iliyokwisha amuliwa.

Mwaka 2025 ulileta jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulibuni. Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Machi waziri wa mambo ya nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Julai 1 shirika lenyewe likafungwa. Nchini Kenya, ambako watu zaidi ya milioni moja wanaishi na virusi vya UKIMWI, PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulikuwa umebeba sehemu kubwa ya matibabu tangu 2003. Dawa za kurefusha maisha zilifanya kazi, hilo halina ubishi. Maelfu kwa maelfu wako hai kwa sababu yake, na miji ya madereva wa malori kama hii ya barabara ya Mombasa inajua hivyo kuliko mingi. Huu ndio ushindi mkubwa wa msaada wa kigeni katika Afrika Mashariki, na ulipatikana kwa njia inayoipinga hoja yangu: uliendeshwa kutoka juu, kwa orodha za Washington, na washauri nasaha na makarani wa data waliolipwa na mashirika nje ya mfumo wa serikali.

Naukubali ushindi huo. Kidonge hakihitaji mkutano wa kijiji. Kinahitaji kufika kila mwezi. Lakini msaada huo uliposimamishwa, walioachishwa kazi ni walewale waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa, na kliniki maalum ambazo watu wamezoea kuziita CCC zikalazimika kuunganishwa na huduma za kawaida za hospitali kwa haraka. Makueni ilikuwa imejaribu kujenga bima yake ya afya, MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Kaunti ingeweza kubishana juu ya mpango huo, kuupunguza, kuubadilisha, kwa sababu ulikuwa wake. Juu ya PEPFAR hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Uamuzi uliofunga mlango ulitolewa na wapiga kura wa nchi nyingine, kwa hasira zao za kwao.

Linalobaki wazi sasa ni Thwake. Bwawa hilo linajengwa pale mito ya Athi na Thwake inapokutana, mpakani mwa Makueni na Kitui, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na fedha za serikali ya Kenya, mkandarasi akiwa kampuni ya China Gezhouba. Rais Kenyatta aliizindua kazi mwaka 2018. Ukuta wenye kimo cha mita 80 unakusudiwa kushika maji mita za ujazo milioni 688 kwa ajili ya nyumba, umwagiliaji na umeme, mji wa Konza ukiwemo kwenye mgao. Tarehe ya kukamilika imesogezwa zaidi ya mara moja.

Mto Athi hupokea maji taka na uchafu wa viwanda vya Nairobi kabla ya kufika huku, na viongozi wa Makueni wameuliza kwa miaka ni maji gani hasa yatakayohifadhiwa. Kamati ya mradi ya mtindo wa Makueni haiwezi kulijibu swali hilo hata ikiwa na wajumbe waaminifu kuliko wote. Inaweza kukataa kutia sahihi zege likiwa hafifu. Haina kauli juu ya mtambo wa maji taka ulio kaunti nyingine umbali wa kilomita mia moja na ushee. Njia ya kuipa kauli ipo: masharti ya mkopo yangefunga sehemu ya malipo na vipimo vya maji ya Athi, vikatangazwa kila mwezi Wote na Kitui kwa lugha za watu wa huko, na kaunti hizo mbili zikapewa haki ya kusimamisha awamu inayofuata pale vipimo vinapozidi kiwango. Bila hilo, ukuta utapimwa na wahandisi, utapita, mkandarasi atalipwa awamu yake ya mwisho, na mkopo utaanza kulipwa na mlipa kodi wa Kenya maji yakiwa safi au machafu.